Fungu Lililozidi

Nondo alikuja karakanani kwangu saa tisa mchana, gundi yangu ya kujalidi vitabu ikiwa bado inachemka, na hakubisha hodi. Alimtandika mdogo wake ngumi ya shingo kabla hajainuka kitini, kisha akanigeukia. "Fundi, tulia hapo hapo. Haya ni ya tumbo moja."

Huyo mdogo wake tulimwita Mwalimu, maana alifundisha hesabu miaka thelathini. Pia ni shemeji yangu, amemuoa dada yangu. Nondo ndiye kaka yake mkubwa, mchomeleaji wa mageti, na jina hilo hakupewa bure.

Kilichomleta kilikuwa mezani kwangu: kitabu kitakatifu cha Wahindu, cha kale sana, nyimbo tupu za kuita miungu. Marehemu baba yao aliacha nakala mbili za chapa moja, zote zimeliwa na mchwa. Mwaka jana Mwalimu aliniletea nizifanye kitabu kimoja kizima. Nilizifumua, nikachukua mafungu yaliyopona, yaani karatasi zilizokunjwa pamoja tayari kushonwa, mengine huku, mengine kule, nikayashona pamoja na kukata kingo zilizooza. Namba za kurasa zilikwenda na kingo. Sikuona shida. Lugha ile siijui, na shule niliiacha darasa la tano.

Mwalimu naye haijui. Aliyeijua ni baba yao. Mwalimu aliandika kwenye kadi maneno tisa ya kuua na kuvunja aliyowahi kuonyeshwa na baba, akayasaka mstari kwa mstari, akitia alama ya penseli kila alipoyakuta. Miezi minane. Hakuwa akisoma, alikuwa akihesabu. Kila mistari mia ilipata namba yake: sita, nane, tano, tisa. Katikati ya kitabu ikaruka hadi thelathini na moja, ikashuka. Mistari kama mia tatu mbele, thelathini tena.

"Mlima mmoja ningesema bahati," aliniambia. "Lakini miwili, mmoja pacha wa mwenzake? Hapana, shemeji. Kuna mkono wa mtu ulioongeza vita humu."

Jumamosi alikuwa asimame mbele ya wazee wa hekalu lao aseme hayo. Nondo alikuwa amepata habari.

"Sema umekosea," alisema Nondo, akimkandamiza ukutani.

"Hesabu haina ugomvi na mtu, kaka."

"Baba amekufa amekikumbatia kitabu hiki. Wewe unakihesabu kama mayai ya kuuza."

"Mayai ningeyavunja. Hiki nimekifuta vumbi."

Nondo alimpiga goti tumboni. Nikainuka kuwaamulia. Sikukiona kipande cha chuma mkononi mwa Nondo mpaka kilipotua mdomoni mwangu. Nilianguka kwa magoti, nikatema meno mawili juu ya karatasi safi za mteja.

Akamburuta Mwalimu hadi kwenye mashine ya kubania vitabu, akauingiza mkono wake wa kulia kati ya zile mbao mbili, akazungusha usukani ukabana.

"Ni huu ulioandika?"

"Ungeniuliza mapema ningekupa wa kushoto," Mwalimu alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka puani. "Ule hauna kazi."

Nondo akakipiga kitabu teke kikashuka sakafuni. Mgongo wake ukapasuka, mafungu yakanitawanyikia magotini. Nikaanza kuyaokota. Mdomo unatoka damu na mikono inahesabu, ndiyo mazoea ya kazi. Chapa ile ilikuwa na mafungu kumi na tisa. Niliyahesabu mwenyewe siku ya kufumua. Nikapata ishirini.

Nikarudia. Ishirini.

La kumi na la kumi na moja rangi zilitofautiana, moja jeupe kidogo, jingine la manjano. Nikayaweka sambamba. Mstari wa kwanza ulikuwa ule ule, na wa mwisho ule ule. Alama za penseli za Mwalimu zilikaa juu ya maneno yale yale, kurasa zote. Nilishona fungu moja mara mbili, kutoka nakala mbili. Mkono wa mtu ulikuwepo kweli. Ulikuwa wangu.

Nilifikiria jina langu kwanza, na wateja, kisha nikafikiria miezi minane ya shemeji yangu. Nondo akazungusha usukani. Vidole viwili vilivunjika kwa sauti ya njiti kavu, na Mwalimu akalia kama mbuzi, lakini neno la kukosea hakulisema.

"Amekosea," nikasema. "Nimemkosesha mimi. Angalieni."

Nikayainua yale mafungu mawili. Nondo aliyatazama, akatazama alama, taratibu, kama anapima geti. Akacheka mara moja, akaulegeza usukani, akakitupa chuma chini. "Unaona? Kitabu cha baba hakina doa."

Mwalimu aliuchomoa mkono wake akaubana kwapani. Alinitazama mimi, hakumtazama kaka yake. Akainama, akakiokota kile chuma kwa mkono wa kushoto.

"Shemeji," nilisema.

Pigo la kwanza lilinivunja bega. La pili lilinipata sikio, ambalo mpaka leo halisikii. La tatu halikufika, kwa sababu Nondo alimkumbatia kwa nyuma na kumwinua juu, miguu ikirusha mateke hewani.

"Nilikataa kusema," Mwalimu alikuwa akimpigia kelele kaka yake, mate na machozi pamoja. "Vidole vyangu vimevunjika nimekataa kusema."

"Nimekuona," Nondo alimwambia. "Tulia, mdogo wangu. Nimekuona."