Khanga ya Marehemu Mama

Jeshi zima limewahi kunipigia goti, mimi Swaumu, muuza maandazi wa Kariakoo. Basi, si zima. Kapteni mmoja, na goti lenyewe ni kwa sababu sikio langu la kushoto limekwisha.

Wanajeshi waliokuwa wanajiandaa kwenda nchi ya jirani kulinda raia vitani waliletwa Jangwani kufanya mazoezi. Wakahitaji raia. Mjumbe wetu, Shomari, akatukusanya wanawake ishirini tujifanye wakimbizi: mabunda kichwani, mikeka, masufuria. Shoga yangu Kuruthumu akaja na jogoo wake, eti hawezi kumwacha vitani.

Kanali Melkiori, mtahini wao, akatuambia, "Kina mama, kati yenu nimepandikiza mpelelezi wa waasi. Mkiulizwa, semeni mnachokiona. Msipoulizwa, nyamazeni." Akamgeukia Kapteni Hyasinta, binti wa Kirombo aliyekiongoza kikosi. "Asipopatikana kabla ya saa sita, kikosi chako hakiendi. Kule uzembe kama huo unaua watu."

Binti akaitazama saa yake. Mwaka mzima alikuwa akiwanoa vijana wake kwa safari ile.

Vijana wakatuvamia. "Kaa chini! Fungua mzigo!" Wakamwaga unga, wakapekua mpaka kijaluba changu cha tambuu. Mmoja akamwinua jogoo, akamchungulia chini ya bawa.

"Baba, huyo hatagi hata yai," Kuruthumu akamwambia, "seuze bastola!"

Mimi mpelelezi nilishamwona tangu tulipotandika mikeka. Lakini nani kaniuliza? Ulimi ukaniwasha, nikaupoza kwa tambuu.

Saa sita kasorobo, Kapteni Hyasinta akaja peke yake. Akavua kofia ya chuma.

"Shikamoo, bibi."

"Sema huku, mjukuu wangu, huko hakuna mtu."

Akahamia kulia, akapiga goti kwenye tope. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba! Kumbe adabu mnayo? Tangu asubuhi mnausalimia unga."

"Tusamehe, bibi. Nyinyi ndio mmeshinda pamoja hapa. Mmeona nini?"

"Ehee! Sasa umeuliza. Watu waache, tazama pindo za khanga."

Akazunguka mikeka yote. Khanga zetu zimepauka, pindo zimeshonwa zamani. Akasimama mbele ya msichana wa mwisho, aliyejiita Sitara.

"Pole na safari, dada. Mmetembea sana?"

"Tumelala porini siku tatu, afande."

"Na khanga hii?"

"Ya marehemu mama. Naivaa miaka sasa."

Hyasinta akashika ukingo wake. Haukupindwa, nyuzi zilikuwa zinaning'inia kama zilivyotoka kwenye mkasi. Akaikunja kidogo, ikachakacha kama gazeti, wanga wa dukani bado umo.

Kuruthumu akapasuka kwa kicheko. "Basi marehemu amefariki leo asubuhi, hapo hapo dukani!"

Vijana wakamzunguka Sitara. Kumbe alikuwa koplo, na mfukoni alikuwa na bastola ya mbao. Kwa saa ya Kanali, zilikuwa zimebaki dakika nne. Akampa Hyasinta mkono.

"Mnaenda, Kapteni."

Kisha akamgeukia msichana, taratibu. "Koplo, jana jioni nilikuuliza kuhusu hiyo khanga. Ulinijibuje?"

Koplo akaukodolea macho ukingo.

"Nilisema nimeipinda, afande. Na nimeifua mara tatu."