Dada wa Mgonjwa

Yeshimebet alikatwa titi la kushoto kabla ya Pasaka. Kaka yake Beyene alirudi kutoka kwa daktari na jibu moja: “Wameondoa lote. Umepona. Sasa kula.”

Akala. Majirani wa mtaa wao mjini Dessie, Ethiopia, walileta mkate na ndizi, wakanywa kahawa mpaka duru ya tatu. Workinesh wa nyumba ya pili akamkagua mashavu. “Mgonjwa gani huyu anatuzidi unene? Kesho na mimi najilaza.”

Wakacheka. Ugonjwa haukutajwa. Walipoondoka aliosha vikombe kwa mkono mmoja, kwa sababu wa kushoto ulikuwa bado mzito.

Aliyemkosesha raha ni Zemzem. Walilazwa vitanda jirani, wakapasuliwa siku moja, na Zemzem alikuwa ameshaanza dawa za dripu. “Nywele zote zimekwenda, dada,” alisema kwenye simu. “Mume wangu anasema nafanana na baba yake. Wewe umepangiwa lini?”

Yeshimebet hakuwa amepangiwa. Alikuwa amefundisha biolojia tangu ujana, na aliona maelezo mawili tu: ama dawa hazihitajiki, ama hazitasaidia. Alipomuuliza Beyene, Beyene alitazama mlango.

Hakushangaa. Kwao habari mbaya hupewa ndugu kwanza. Mumewe alipofariki safarini, shemeji zake walikula naye chakula cha jioni wakijua, wakamwambia alfajiri, wote pamoja.

Siku ya kliniki alikwenda mwenyewe. Mwanamke aliyemtangulia alitolewa chumbani, akaagizwa arudi na ndugu. Kwa hiyo zamu yake ilipofika alivuta netela, mtandio wake mweupe, mpaka kidevuni, akaweka kadi ya kliniki mezani. Daktari alikuwa kijana, ameshika nafasi ya mpasuaji aliyekuwa likizo.

“Wewe ni nani wa mgonjwa?”

“Dada yake.”

Daktari akasoma kwenye kompyuta. “Saratani ilishafika kwenye tezi za kwapa. Anahitaji dripu, halafu vidonge vya miaka kadhaa. Kaka yenu alielezwa. Akasema dawa zitammaliza, atampeleka kwanza kwenye maji ya baraka.”

“Akianza sasa zitamsaidia?”

“Zinapunguza uwezekano wa saratani kurudi. Mmechelewa kidogo, ila bado inafaa. Yeye anajua?”

“Hapana.”

“Basi msimwambie, atakata tamaa. Semeni ni dawa ya kukausha kidonda. Aje Jumatatu, na mtu wa kumrudisha nyumbani.” Akamtazama kwa mara ya kwanza. “Na wewe, mama, jichunguze. Ugonjwa huu wakati mwingine unapita katika familia.”

“Nitajichunguza,” alisema Yeshimebet.

Alikaa kwenye benchi la nje akifikiria nani wa kumrudisha. Watoto hakujaliwa. Zemzem mwenyewe alikuwa hajiwezi. Workinesh angeutangazia mtaa mzima. Akampigia Beyene dukani kwake.

“Jumatatu unipeleke hospitali. Naanza dripu.”

Redio ya dukani ikazimwa. “Nani amekuambia?”

“Daktari. Alidhani mimi ni ndugu.”

“Yeshi, dawa zile ndizo zilimmaliza mama.”

“Mama hakupewa dawa, kaka. Tulimpeleka kwenye maji.”

Mteja akauliza bei ya sukari, Beyene akamjibu.

“Utakuja?”

“Tutazungumza jioni,” alisema, akakata.

Akarudi ndani, kwenye meza ya muuguzi. “Mgonjwa wa Jumatatu ni mimi,” alisema. “Huenda nikawa peke yangu.”

Muuguzi alimtazama kifuani, kisha usoni. Akamwambia afike mapema, viti vya dirishani huwahiwa, na abebe blanketi, kwa maana mle ndani kuna baridi.