Nusu Nyuzijoto ya Don Efraín

Vifaranga walianza kutoka Jumanne, na walitakiwa watoke Jumatano. Asiyejua kuku atasema afadhali, wamewahi. Doña Otilia Pabón, bibi mwenye mashine, alikuwa anajua kuku. Alivuta trei ya kwanza, akamgeuza kifaranga tumbo juu, akakuta kitovu bado kibichi, hakijafunga, alama ya joto kuzidi. Akamgeuza wa pili, wa tatu. Wote hivyo hivyo. Akaketi juu ya ndoo.

Pale mjini Lebrija nusu ya watu wanaishi kwa kuku na nusu kwa mananasi, na mashine za kutotoleshea za doña Otilia zilikuwa zinaendeshwa na programu ya don Efraín Rangel tangu Otilia mwenyewe akiwa hana mvi. Mwezi ule binti yake Efraín, Nubia, ndiye aliyeihamishia kwenye mfumo mpya. Kompyuta za zamani zilikuwa zinakufa moja moja, na mpya hazikutaka hata kuiona programu ya mzee.

"Umezifanya nini mashine zangu?" Otilia alimuuliza.

"Nimehamisha tu, doña. Kila alichoweka baba kimehama kama kilivyo."

"Kwa hiyo vifaranga wamejichemsha wenyewe?"

Nubia alikuwa na majibu mengi ya kuchagua, akachagua baya kuliko yote. "Kwa hiyo kasoro ilikuwamo toka zamani. Baba amezeeka, doña. Labda aliposhikashika mara ya mwisho alikosea."

Ona ulimi huo! Baba mwenyewe hakuwapo kujitetea. Kila Alhamisi alizoea kuja na kipimajoto chake cha kioo, kukagua mashine moja moja na kunywa kahawa ya bure, lakini Nubia alikuwa amemwomba asije kwanza, asije akamvuruga. Alhamisi iliyofuata alipotokea hata hivyo, Otilia alimzuia getini, kwa adabu, na kwa adabu hiyo hiyo akamwambia maneno ya binti yake.

 Mzee alirudi nyumbani, akamkabidhi Nubia funguo za gari.

"Za nini, baba?"

"Kama nimekosea lile, nimekosea mangapi ambayo hamjaniambia? Nitagonga mtoto wa mtu barabarani."

"Acha hizo, baba. Kukosea ni kukosea tu."

"Kwako. Wewe una miaka thelathini na nne." Wiki ile alianza kumuuliza leo siku gani, hata akiwa na gazeti mkononi. Jiko la gesi hakuligusa tena, akawa anakula mkate mkavu mpaka Nubia arudi. Na Nubia, Mungu amsamehe, alidhani mzee hatimaye amekubali kupumzika.

Mayai mengine yakaingia. Otilia akasema hawa nao wakiharibika anafunga, basi. Ndipo Nubia alipofanya jambo ambalo baba yake angelifanya siku ya kwanza: alichukua kipimajoto cha kioo, akakitumbukiza ndani ya mashine. Skrini ilisema joto ni sawasawa. Kioo kikasema limezidi nusu nyuzijoto. Mashine ya pili, nusu. Ya tatu, nusu. Mashine tatu tu za mwisho ukutani, zile mbovumbovu ambazo kila mtu alizilalamikia, zilikuwa sawa kabisa.

Alikaa akazifikiria hizo tatu. Mzee alikuwa amejitengenezea saa yake ya joto, duara lenye mshale, moja kwenye skrini kwa kila mashine, na kila saa ilikuwa na mipangilio yake. Mmoja wa mipangilio hiyo uliitwa sahihisho, yaani kihisi cha joto cha mashine hiyo kinadanganya kwa kiasi gani. Nubia alipohamisha, alikuta sahihisho limeandikwa kwenye saa tatu tu. Akayanakili kwa uangalifu mkubwa, akajisifu moyoni. Nyingine zilikuwa kimya, naye kimya akakisoma kuwa sifuri. Tena mfumo wake mpya ulihifadhi kila kitu bila kuruka, kwa hiyo sifuri hiyo ikaandikwa kila mahali, safi, kwa uaminifu.

Lakini mfumo wa zamani ulikuwa bahili. Ulihifadhi tu kile kilichotofautiana na thamani ya kuanzia. Kilicho sawa nayo haukukiandika popote. Nubia alilijua hilo, alifundishwa na baba yake mwenyewe mezani pale nyumbani.

Alikwenda stoo, akaiwasha kompyuta ya zamani, akafungua dirisha tupu na kuweka saa mpya ya mzee, bila kugusa chochote. Sahihisho: nusu. Hivyo ndivyo saa ilivyozaliwa. Vihisi vyote mzee alivinunua kwa muuzaji mmoja, vyote vilipunguza nusu isipokuwa vya zile tatu mbovu, naye akaifanya nusu hiyo kuwa mwanzo wa kila saa. Mzee hakuwa na kosa hata chembe.

Nubia alirekebisha, akahakikisha kwa kioo, kisha akaenda kwa Otilia na kusema bila kuzungukazunguka: "Baba alikuwa sawa. Vifaranga wako nimewaua mimi." Otilia alimtukana matusi ya kutosha, halafu akamwambia akimbie nyumbani kumweleza baba yake.

Mzee alikuwa jikoni, amekaa mkabala na jiko lililozimwa. Nubia alipiga magoti, akaeleza yote, nusu, sifuri, zile saa tatu, akilia waziwazi. Don Efraín alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa taratibu. Alikuwa na sura ya mtu anayefuata hesabu ngumu na kuachwa njiani.

"Otilia ndiye kakutuma?" aliuliza.

"Hapana, baba. Ni kweli. Nakuapia kaburi la mama."

Akamfuta machozi kwa kiganja.

"Wewe ni mtoto mwema, Nubia," alisema. "Lakini usiape kaburi la mama yako kwa ajili ya kunifurahisha."