Tarehe ya Kurudi

"Na tiketi ya kurudi, mama?"

Felista alikuwa ameshainua begi lake kuliweka kwenye mizani. Akalishusha tena taratibu. Binti wa kaunta, ambaye kibao cha kifuani kilimtaja kwa jina la Happiness, aliendelea kutazama kompyuta huku amenyoosha mkono kupokea karatasi ambayo Felista hakuwa nayo.

"Nimekata ya kwenda," Felista alisema.

"Ya kwenda tu?"

"Ya kwenda. Ya kurudi nitaikata nikiwa kule, Mungu akipenda."

Happiness akainua macho. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomtia Felista hofu zaidi. Alimtazama kama muuguzi anayetafuta namna ya kusema jambo.

"Mama, unakwenda Johannesburg kama mgeni wa matembezi. Huna kibali cha kuishi kule wala cha kazi. Wenyewe wanataka waone utatokaje nchini mwao. Kama huna tiketi ya kurudi, au ya kuendelea nchi nyingine, siruhusiwi kukupandisha. Wakikukataa mpakani, sisi ndio tunaokurudisha, na faini juu."

"Lakini nina barua ya mwaliko. Hii hapa. Nina pasi, nina kadi ya chanjo, na nina barua ya hospitali..."

"Barua haitoshi, mama. Sogea kidogo nihudumie wengine. Ukiipata hiyo tiketi, hata kwenye simu, usipange foleni, njoo moja kwa moja kwangu. Ila fanya haraka. Tukifunga tumefunga."

Felista akasogea. Bwana mmoja mwenye kofia ya kampuni ya korosho akapitisha mzigo wake, akapewa kadi yake ya kupandia ndege, akaenda zake anapiga mluzi.

Kule Johannesburg, Rebeka alikuwa amelazwa. Rebeka ni mdogo wake, wa tumbo moja, na katika tumbo hilo walikuwa wamebaki wao wawili tu. Aliolewa kule miaka mingi iliyopita na fundi wa magari. Kesho kutwa asubuhi madaktari wangempasua kuondoa uvimbe kwenye figo. Alimwomba dada yake jambo moja: "Nikiingizwa chumba cha upasuaji, nataka nikuache mlangoni. Nikitoka, nikukute mlangoni." Ndege hii ikimwacha, angeikosa na ile ya kuunganisha, na ndege nyingine ya kutoka Mtwara isingemfikisha kabla ya kisu.

Wala hakuweza kusema kwamba hakuonywa. Ruksana, mkwe wa mzee Shamshudin, anayekatisha tiketi katika duka lao pale mjini, alimwambia wazi: "Mwalimu, ukienda kutembea nchi za watu, chukua ya kwenda na kurudi. Watakusumbua." Felista akatikisa kichwa. Atajuaje siku ya kurudi? Akitaja tarehe ya karibu, ni kana kwamba ana haraka ya kumzika mdogo wake. Akitaja ya mbali, ni kana kwamba anamwamuru Mungu amponye. Basi akaacha pengo, na lile pengo akaliita imani. Hata kwenye jumuiya yao ya kanisa kule Likombe alilitolea ushuhuda, kwamba yeye siku ya kurudi amemkabidhi Bwana, na wanawake wenzake wakaitikia amina kwa sauti moja.

Akatoka nje hadi mlangoni, mahali wasindikizaji wanapoishia. Mumewe Lukasi alikuwa bado amesimama hapo. Lukasi ni wakala wa forodha pale bandarini, mtu ambaye hata akienda harusini huuliza kadi imegongwa muhuri au la.

"Mama Frank! Mbona unarudi na begi?"

Akamweleza. Lukasi akajishika kiuno.

"Nilisema mimi. Sikusema? Mzigo wenye hati ya kuingia tu, usio na hati ya kutoka, hata mimi nisingeupitisha."

"Baba Frank, mimi si mzigo."

"Ningejua njia ya kukupakia kwenye kontena ningekupakia." Kisha akauona uso wake, akaacha mzaha. "Haya, sikiliza. Wapo vijana mjini wanaochapisha karatasi inayofanana kabisa na tiketi. Wanatuma kwenye simu sasa hivi. Unamwonyesha yule binti, unapita, basi."

"Niende kumwombea mgonjwa na uongo mkononi?"

"Ni karatasi tu."

"Baba Frank, siwezi." Machozi yalikuwa karibu. "Nikifika pale kitandani nikapiga magoti, nitaanzaje?"

Lukasi akakuna kidevu. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu muda wa kutosha kujua mlango upi haufunguki. "Basi mpigie Ruksana. Mimi nitalipa kwa simu. Piga, mama, wale wanafunga!"

Ruksana alipokea mara moja, kama mtu aliyekuwa anangojea.

"Wamekukatalia, mwalimu?"

"Wamekataa. Naomba unikatie ya kurudi."

"Haya. Nafasi zipo, na inaweza kubadilishwa ukitaka, lakini ni tiketi ya kweli. Tarehe ngapi?"

Felista akachungulia foleni kule ndani.

"Mwalimu? Tarehe?"

"Ruksana, hiyo ndiyo siijui. Nitaitajaje siku ambayo ni ya Mungu?"

Kwa upande wa pili kulisikika mtoto akilia na kikombe kikiwekwa mezani. "Mwalimu, mimi kila mwaka nawakatia tiketi mahujaji. Wanakwenda nyumba ya Mungu mwenyewe, na hakuna hata mmoja anayekwenda bila tarehe ya kurudi. Tunasema inshallah, kisha tunataja tarehe. Wapo waliofia kule, na tarehe zao walikuwa nazo. Mungu hakuona vibaya. Nitajie siku, nishikilie kiti, maana hapa kwenye kompyuta vinapungua."

"Nipe dakika moja tu."

Alikata simu. Alijaribu kusali, akaona sala inazunguka mahali pamoja: mapenzi yako yatimizwe, mapenzi yako yatimizwe. Ndiyo aliyoisali tangu siku ile habari za uvimbe zilipofika. Hakuwa ameongeza neno jingine. Lukasi alikuwa anachungulia ndani, anamhesabia waliobaki kwenye foleni kwa vidole.

Akampigia Rebeka.

"Umeshapanda, dada?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake.

Alitaka kudanganya, akashindwa. Akasema yote kwa pumzi moja.

"Kwa hiyo ulikuwa unakuja bila siku ya kurudi?"

"Nilimwachia Mungu, Rebeka."

"Tulipokwenda kumzika mama, nani alikata tiketi ya kurudi?"

Felista akahamishia simu sikio la pili.

"Hakuna. Tulikwenda tu, tukakaa hadi matanga yakaanuliwa. Anayekwenda bila siku ya kurudi ni mtu wa msibani, dada. Wewe ulikuwa unakuja kunizika."

"Usiseme hivyo!"

"Nasema, maana mimi ndiye niliyelala hapa. Kila anayekuja ananiangalia kama ameshanunua sanda. Nilidhani wewe utakuja kutembea. Hata kwenye hizo karatasi zao umeandikwa hivyo, mgeni wa matembezi. Mimi nataka mgeni. Sijaita mfiwa."

Felista akakaa juu ya begi lake, pale pale mlangoni, watu wanampita. Maneno yalimwingia kama maji ya chumvi kwenye kidonda. Imani yake aliyoisimamia mbele ya wanawake wa Likombe, mdogo wake ameifunua kwa neno moja, na ndani yake kumbe ilikuwa hofu tupu. Hakuwa amemwachia Mungu siku. Alikuwa ameshamkatia tamaa Rebeka, na hakutaka hata nafsi yake ijue.

"Nisamehe," alisema.

"Utaniomba msamaha ukifika. Krismasi utakuwa kwangu?"

Tangu Rebeka augue, hakuna aliyethubutu kumtajia Krismasi.

"Nitakuwa kwako."

"Na mwaka mpya?"

"Na mwaka mpya."

"Watoto wako wa darasa la tatu wanafungua lini?"

"Katikati ya Januari."

"Basi hesabu mwenyewe. Na usilete zile korosho za kuungua, lete nzima." Akakohoa, akakata.

Felista akampigia Ruksana. "Tarehe kumi Januari," alisema, kana kwamba anakula kiapo. "Jumamosi."

"Tarehe kumi Januari, inshallah," alisema Ruksana, na vidole vyake vikasikika vikigonga herufi.

Lukasi akalipa, akakosea namba ya siri, akajilaani, akalipa tena. Tiketi ikaingia kwenye simu. Felista akakimbia na begi, gauni limekamatwa kwa mkono mmoja, hadi kwa Happiness aliyekuwa ameanza kufunga droo. Binti akaisoma yote, polepole, kutoka juu hadi chini. Akaingiza kitu kwenye kompyuta. Akangoja. Felista akamtazama midomo.

"Imeonekana," alisema Happiness. "Kiti cha dirishani au cha njiani, mama?"

"Popote, mwanangu. Popote."

Alipogeuka kuelekea sehemu ya ukaguzi, Lukasi alikuwa amejisukuma mlangoni hadi mlinzi amemshika bega. "Tarehe kumi nakuja kukupokea!" alipaza sauti. "Mama Frank! Nitakuwa hapa hapa!"

Akampungia mkono.

Nje jua la Mtwara lilikuwa kali juu ya lami, na panga za ndege zilikuwa bado hazijaanza kuzunguka. Hofu haikuwa imempungua. Ilikuwa imeongezeka, kwa sababu sasa aliijua kwa jina lake. Kesho kutwa asubuhi mlango wa chumba cha upasuaji ungefungwa, naye angebaki nje akingoja, na tiketi isingemsaidia kitu pale. Akasimama chini ya ngazi, abiria wawili wakampita.

"Baba," alisema chini chini, "nataka Rebeka apone. Nataka anisindikize mwenyewe tarehe kumi, kwa miguu yake."

Hakuwahi kumwambia Mungu neno nataka. Akangoja kidogo, kama mtu aliyetamka neno zito mbele ya mkubwa na hajui atajibiwaje. Mhudumu akamwita kutoka juu. Akashika chuma cha ngazi, kilikuwa cha moto, akapanda.