Nodi ya Frednand na Radi za Rusumo

Nyumba yetu ya Rusumo haijawahi kukosa watu. Madereva waliokwama mpakani huja kuchaji simu, majirani huja kusikia nani kamwacha nani. Humo humo sebuleni kaka yangu Frednand aliweka nodi yake, kompyuta inayotunza nakala nzima ya miamala ya sarafu ya kidijitali. Kampuni moja ya Kigali ilikuwa imempa jaribio: ikifika kesho nodi imemaliza kupakua kila kitu, kazi ni yake.

Jana ilibaki kidogo tu. Leo karudi kutoka mjini, kakuta maandishi mekundu: data zimeharibika, anza upya. Mara ya tatu!

"Yule Mayunga wa dukani kaniuzia diski feki!" alifoka. Alishabadilisha waya, programu, hata feni.

"Umerogwa, shemeji," akasema Irakoze, dereva wa lori, huku akitafuta pa kuchomeka simu.

"Toa mkono hapo!"

Ndipo radi ikanguruma. Mama akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akachomoa tivii, akachomoa redio, akachomoa na nodi. Frednand alimgeukia.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi nini? Radi ikipiga nachomoa, ikitulia narudisha. Wewe huwa hupo, nani akulindie mali?"

"Ikizimwa ghafla inakatika katikati ya kuandika! Kila kitu kinavurugika!"

"Na kivurugike. Sostenes wa Mbuba alipigwa na radi redio ikiwa mapajani. Nikuzike na kompyuta yako?"

Irakoze alicheka hadi akakohoa. Frednand hakucheka. Alitoka barazani, akampigia bosi wa Kigali.

"Bwana Iradukunda, naomba mniongezee muda hadi Ijumaa. Umeme wa huku, unajua tena..."

Mama akampokonya simu. "Usisingizie umeme. Haloo?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Anayechomoa ni mimi, na radi ikipiga nitachomoa tena."

Kisha yule bosi akauliza, "Ukifundishwa kuizima taratibu kwanza, ndipo uchomoe, utakubali?"

"Inachukua muda gani?"

"Dakika moja, mbili."

Mama alitazama mawingu upande wa Rwanda. "Radi haisubiri dakika mbili. Nitaanza kuzima nikiona wingu."

"Basi Ijumaa," akasema bosi.

Frednand aliingia ndani, akafuta kila kitu, akaanza upya kutoka sifuri. Mama alivuta kigoda karibu yake, mikono bado ina unga. "Haya, nionyeshe pa kubonyeza. Na usinifokee."