Kichaka cha Langoni

Dada Renatha alikileta kutoka bustani ya miche huko Kayanga, kichaka kifupi chenye majani magumu. Asili yake, alisema, ni milima ya baridi, chini kidogo ya theluji, kwa hiyo hapa Isingiro kisingedumu. Kikadumu. Kilichanua maua mekundu pembeni mwa lango, na mama akakipenda kuliko kuku wake.

Renatha alituonya pia kwamba majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Nilimkumbusha baba. Akacheka, akasema ng'ombe wetu hupita lango la nyuma.

Siku ya mahari yangu, wageni walitoka Bweranyange na mtamba mwekundu, mzuri mno. Baba, kwa kutaka asifiwe, akamfunga palepale penye maua.

Kwetu mwali hatoki ndani mpaka aitwe. Nilikuwa nachungulia dirishani nimtazame Alistides, mchumba wangu, nikamwona mtamba akitafuna tawi. Uani, mzee Telesfori, msemaji wa wageni, alimwaga mafumbo, na msemaji wetu akamjibu kwa mafumbo, wazee wawili wakijifurahisha. Shangazi Kokubanza alinishika mkono. Nikamponyoka.

Nilitoka bila viatu, nikamvuta mtamba kwa kamba, nikamtoa majani mdomoni.

"Shikamooni, wazee. Haya majani ni sumu."

Telesfori hakuitikia. Alimgeukia baba. "Mzee Gaudiosus, mmemfunga ng'ombe wetu kwenye sumu?"

Baba alitazama magoti yake.

"Nani hapa alijua?"

Nilimngoja baba. Nilimngoja kweli. Akaanza kuchora udongo kwa ncha ya fimbo, nikajua hatasema.

"Mimi," nikasema. "Sikumwambia mtu."

"Mke anayejua sumu akanyamaza," Telesfori alisema taratibu, "kwetu hatapika."

Wakamfungua mtamba. Alistides ndiye aliyeshika kamba. Nilitaka aseme lolote, hata anitukane, lakini alimswaga ng'ombe kwa upole na kutoka naye bila kunitazama.

Wageni walipotokomea njiani, mama akaingia ndani kulia. Baba akanisogelea.

"Ahsante, mwanangu," alinong'ona.

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akinishukuru. Niliichukia ile ahsante, nikamwacha amesimama peke yake uwanjani.