Mkombozi wa Kuku Wagonjwa

Harufu ilinipokea kabla shangazi hajafungua mlango wa banda. Maranda yalikuwa yameloa kinyesi cha kijani chenye kamasi. Kuku wa mayai waliobaki walisimama wamejikunyata, vilemba vimepauka, manyoya ya nyuma yameganda uchafu. Waliokuwa na nguvu kidogo waliwadonoa wafu macho.

"Ni taifodi ya kuku," nilimwambia. "Maabara wamethibitisha. Ni bakteria."

"Jina halinisaidii, mwanangu. Mayai haya ndiyo yanamsomesha binamu yako."

Nje honi ikalia. Alikuwa mnunuzi wa kuku ambaye mtaa mzima ulimwita Mkombozi, maana huja kuku wanapokufa, akawanunua wanaopumua kwa bei ya kutupa. Aliingia na viatu vilivyotapakaa damu na manyoya ya mabanda mengine, akamnyanyua kuku mmoja kwa bawa, akamminya tumbo. Uchafu ukamchuruzika kiganjani. Akajifuta kwenye suruali, kisha akaninyooshea mkono uleule.

"Msomi, unaogopa kuku?" akacheka. "Mama, nachukua wote. Kesho wako kwenye sufuria za watu. Moto hausazi mdudu."

Nilimshika shangazi mkono. "Shangazi, usiuze."

"Utanilipa wewe?"

Ajira yenyewe sikuwa nayo.

Shangazi akamgeukia Mkombozi. "Mchinje huyo uliyemshika. Nitakupikia sasa hivi, ule mbele yangu. Ukimaliza, beba wote."

"Aa, mama. Tumbo langu halipatani na kuku."

"Na wanao?"

"Wale nimewazoesha samaki."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeona funza kwenye wali wake. "Toka bandani kwangu."

"Utawazika bure. Hasara juu ya hasara."

"Hasara ni yangu. Toka."

Hakwenda mbali. Jirani alikuwa anamwita kutoka uani kwake, gunia tayari mkononi, na kuku wake wakatumbukizwa humo wangali wanakoroma.

Tulichimba shimo nyuma ya banda, tukatia chokaa. Shangazi alijifunga kitambaa puani, akaanza kuwanyonga mmoja mmoja, akitema mate kila baada ya shingo.

"Binamu yako atanielewa?"

"Sijui, shangazi. Ila nitamweleza mimi mwenyewe. Na jioni nitapita kwa jirani, nimwambie kauza ugonjwa."

"Atakufukuza."

"Anifukuze."

Alininyooshea kuku aliyekuwa akitokwa ute mdomoni. "Basi shika huyu. Usigeuze uso."